Mashine Itapona Jumatano

Simu kutoka mji wa Beni iliingia Ijumaa saa moja asubuhi, familia ya Ananie Muyisa ikiwa mezani na chai. Aliyepiga ni Mathe, binamu wa mke wake, mtu ambaye kwa kawaida hutanguliza hali ya hewa, bei ya kakao na afya ya kila mtu kabla hajafika kwenye neno lake. Asubuhi hiyo hakusalimu mtu. Mke huyo, Orpa, aliweka simu katikati ya vikombe ili mama yake, ambaye masikio yake yamechoka, naye asikie.

"Orpa, mutoto wa Elsa iko muzima," Mathe alisema. "Jina yake iko mu liste ya hapa Beni. Numéro mille cent quatre-vingt-sept. Banasema balimutuma kule Butembo mu mwezi ya tatu, famille moja ikamupokea. Jina ya ile famille iko mu mashini ya bwana yako."

Mama Abigaïl alianguka magotini palepale kati ya meza na jiko, akaanza kumshukuru Mungu kwa Kinande, lugha ya kwao, maneno yakipandana. Orpa alilia mikono ikiwa imeshika kichwa. Mwanawe Éliakim alicheka bila kujua anacheka nini. Elsa, mdogo wa Orpa, aliuawa na waasi shambani kwake nyuma ya Beni miaka miwili iliyopita, na binti yake Shekinah, aliyekuwa na miaka mitano, hakuonekana tena. Walishatafuta hospitalini, kambini na makanisani. Walishafika mahali pa kuomba tu waonyeshwe kaburi.

Mtu mmoja mezani hakulia wala hakucheka. Ananie alikuwa anajua kwamba mashine ile haina tena jina la mtu yeyote. Yeye mwenyewe alikuwa ameyafuta yote jana yake.

"Tata Éliakim," mama mkwe alimwambia kutoka chini, akimwita baba wa mwanawe kama siku zote, "kumbe weye ndiye ulikuwa na mutoto yetu mu mikono, na haukujua."

Ananie alisema ndiyo, mama. Akasema ataangalia. Halafu akatafuta kofia yake, ambayo ilikuwa kichwani.

Ananie alikuwa mtu mwema, na ninalisema mapema kwa sababu mbele kidogo mtasahau. Kwa miaka mitatu alikuwa ametunza rejista ya wakimbizi katika ofisi ya huduma ya kanisa lao pale Butembo. Watu waliokimbia vijiji vya upande wa Beni walikuwa wakifika kwa malori na kwa miguu, na kila familia ya mjini iliyokubali kulaza wageni iliandikwa pale: nani amelala kwa nani, mtaa gani, simu ipi. Watoto waliofika bila mzazi waliandikwa kwa namba tu. Majina yao yalibaki Beni, wenyeji wao walijulikana Butembo, ili mtu mbaya akiiba orodha moja asipate mtoto. Kumpata mtoto kulihitaji orodha zote mbili.

Rejista yote ilikuwa ndani ya kompyuta moja nyeusi chini ya meza, inayotumia mfumo wa Linux. Ananie aliipenda kazi hiyo. Aliipenda mashine safi, yenye vifurushi vya programu vya karibuni, hakuna kilichokatika, hakuna kilichobaki kutoka zamani bila kazi. Lakini Butembo haina intaneti ya kuvutia vifurushi elfu moja. Njia ya watu wa kule ni kubeba vifurushi kwa diski: unapanda gari hadi Beni, kwa rafiki mwenye laini nzuri, unajaza diski usiku na mchana, unarudi nayo ndani ya koti. Mashine inasakinisha kutoka kwenye diski kana kwamba iko mtandaoni.

Rafiki huyo alikuwa Lévi, fundi wa ofisi dada ya Beni. Lévi alikuwa ameshapandisha mashine yake kwenye toleo jipya. Ndiyo maana Mathe alipokwenda kuuliza pale jina la Shekinah lilitoka kwa sekunde moja, badala ya kufunua makaratasi kama zamani. Ila orodha mpya za Beni zilikuwa zinakataa kuingia kwenye mashine ya zamani ya Butembo. Ananie alitaka orodha mbili zizungumze. Hilo ndilo lililompeleka Beni, na nia haikuwa mbaya hata kidogo.

Diski ilikuwa moja. Kwa miezi minane aliandikia kamati barua ya kuomba ya pili. Mara ya mwisho mwenyekiti alimjibu mbele ya watu kwamba diski moja haijajaa, na kanisa linahitaji viti. Viti vilinunuliwa, vya plastiki, vya bluu. Diski ile moja ndiyo iliyokuwa na nakala ya akiba ya rejista. Vifurushi na nakala havikuenea pamoja, basi Ananie alifuta nakala ili apate nafasi. Alijiambia ni kwa siku mbili tu, na rejista yenyewe ipo salama mashinani.

Kulikuwa na jambo lingine, na hili wanalielewa vizuri wanaofanya kazi ile pale mjini. Mashine ya Linux ikisakinisha huwa inasimama njiani na kuuliza: nibadilishe hiki, niache kile, una hakika? Mahali umeme unapokatika mara nne kwa siku, swali linalosubiri jibu ni hatari, kwa sababu umeme unaweza kukatika mashine ikiwa nusu ya zamani nusu mpya, na hapo haiwaki tena. Kwa hiyo mafundi wa Butembo wamezoea kuiambia mashine tangu mwanzo: usiniulize chochote, jibu mwenyewe. Ananie alifanya hivyo kila mara, na kila mara ilimwokoa.

Alhamisi alikuwa na karatasi ya hatua kumi aliyonakili kwa mkono kutoka daftari la Lévi. Toleo jipya liliingia vizuri. Ghala jipya la kuhifadhi rejista lilikaa kando ya lile la zamani, tupu, likisubiri majina yahamishwe. Kuhamisha ilikuwa hatua ya nane. Kusafisha yaliyobaki ya zamani ilikuwa hatua ya tisa. Umeme ulikatika saa nane na nusu, kabla hajaanza ya nane. Uliporudi karibu saa kumi na moja, Ananie alikuwa ameshapokea wageni, ametengeneza printa ya mchungaji, na kichwani mwake hatua ya nane ilikuwa imekwisha. Akaandika amri ya kusafisha. Mashine ilipofika kwenye ghala la zamani ilikuwa na swali la kumuuliza, kama vifurushi vyote vya aina ile: nifute na data zake? Ilikuwa imekatazwa kuuliza. Ikajijibu ndiyo.

Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za kiatu. Ananie alifungua rejista kuona kazi yake, akakuta sifuri.

*

Ijumaa hiyo hiyo, akitoka mezani, alifika ofisini kabla ya wote. Katibu wa mapokezi alikuwa Anne-Marie, mama wa makamo, Mkatoliki, aliyeajiriwa na Waprotestanti kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri. Zamani aliandika kila mgeni katika cahier, daftari kubwa la karatasi. Ananie ndiye aliyemwachisha. Alimwambia mbele ya wageni kwamba kuandika mara mbili ni kazi ya watu wasioamini mashine, watu wakacheka, na cahier ikaishia mwezi wa kwanza mwaka huo, miezi miwili kabla ya Shekinah kufika.

Sasa alimwambia mashine ni mgonjwa kidogo, ipo katika matengenezo. Mtu yeyote akija kuuliza habari, au kuomba hati, aambiwe arudi Jumatano, na yeye mwenyewe asisumbuliwe ndani. Anne-Marie aliuliza kama aandike wanaokuja. Ananie akasema hapana haja, mashine itapona Jumatano.

Alikuwa na matumaini, msimhukumu bure. Alikuwa na programu ya kuokoa faili zilizofutwa, na alijifungia nayo chumba cha nyuma Ijumaa, Jumamosi, Jumatatu. Ilimrudishia vipande: nusu ya barua, picha ya viti vya bluu, herufi zisizosomeka. Alimpigia Lévi akamwambia ukweli nusu. Lévi aliuliza, "Na backup?" Ananie akasema mtandao unakatika, akafunga simu.

Nyumbani hakusema mashine ni tupu. Ofisini hakusema kwamba wanatafuta mtoto. Angesema moja kati ya hayo mawili, lolote, nisingekuwa na hadithi ya kuandika. Lakini alikuwa ametukuzwa miaka mitatu kama mtu anayejua, na aliona aibu kuonekana mtu asiyejua.

Kila jioni Orpa alimngoja mlangoni. Ijumaa alimwambia umeme ulikuwa mbaya. Jumamosi akamwambia ni kazi ndefu. Jumapili kanisani Mama Abigaïl alisimama wakati wa ushuhuda, akatangaza mjukuu wake ni hai na mkwe wake anakwenda kumtoa ndani ya mashine. Watu walipiga makofi. Wengine waligeuka wakamtazama Ananie kwa heshima, na mzee mmoja alimshika bega. Ananie aliinamisha kichwa, wakadhani anaomba.

Mama Abigaïl alikuwa ameshanunua ndala ndogo za mtoto wa miaka saba. Aliziweka juu ya kabati, akazishusha, akawauliza majirani wenye watoto kama zitamtosha. Jumatatu usiku Orpa alimuuliza mumewe taratibu, bila hasira, kwa nini mtu aliyeshika ufunguo anashindwa kufungua. Ananie alijibu kwa ukali kwamba yeye hamfundishi namna ya kukanda unga. Hakuwa amewahi kusema naye hivyo. Orpa alizima taa.

*

Jumanne asubuhi Orpa na mama yake walikwenda ofisini wenyewe, bila kumuaga. Walivaa vitenge vya kanisani. Ananie alikuwa ameitwa na mwenyekiti wa kamati, hakuwepo. Walikaa foleni kwenye viti vya bluu pamoja na wengine, na zamu yao ilipofika Anne-Marie aliwaambia kama alivyowaambia wengine wote: mashine ni mgonjwa, warudi kesho.

Orpa alisema hawatamsumbua. Wanatafuta jina moja tu, la watu wanaomlea mtoto namba elfu moja mia moja themanini na saba, msichana wa miaka saba anayeitwa Shekinah.

Kalamu ya Anne-Marie ilisimama. Alimtazama Orpa, akamtazama mama mzee, akauliza huyo mtoto ni nani wao. Orpa akasema ni mtoto wa mdogo wake marehemu, na kwamba yeye ni mke wa Ananie, labda hawajuani.

"Ananie wetu?" Anne-Marie aliuliza. "Na hakuniambia kitu?" Akaweka kalamu chini. "Mama, ule mutoto alikuwa hapa Samedi. Alikaa mu hii hii kiti munakaa."

Aliwaeleza polepole, sauti ikimpungukia. Mwanamke aitwaye Syauswa, wa upande wa Kimemi hapa mjini, alikuja Jumamosi saa nne akimshika mtoto mkono, akataja jina na namba yake. Mume wake alikuwa amepata kazi upande wa Uganda, naye alikuwa anamfuata. Alitaka moja kati ya mawili: ofisi imtafutie mtoto ndugu zake hapa mjini awaachie, au impe hati ya kuonyesha mpakani kwamba hakumuiba. Anne-Marie alimwambia arudi Jumatano. Yule mwanamke alisema hawezi, lori lao linaondoka Jumapili. Aliomba mara tatu. Aliuliza kama hakuna fundi wa mashine amuombe yeye.

"Nikamwambia fundi iko ndani, hapendi basumbue yeye," Anne-Marie alisema. "Njo vile alinituma kusema. Mama, mutanisamehe. Mbele nilikuwaka naandika mu cahier."

Mama Abigaïl hakuwa amesikia vizuri. Alimvuta Orpa mkono akauliza mtoto yuko chumba gani.

*

Walikwenda Kimemi kwa pikipiki, wote wawili nyuma ya dereva mmoja. Anne-Marie alikumbuka tu kwamba Syauswa alitaja nyumba nyuma ya soko la makaa. Waliuliza milango sita. Wa saba ulikuwa na kufuli, na mama wa jirani, aliyekuwa anaanika maharagwe, aliwaambia waliondoka juzi alfajiri kwa lori la kwenda Kasindi, mpakani. Simu ya Syauswa anayo? Anayo, lakini ile laini ni ya Kongo, tangu Jumapili haipatikani. Mji walikokwenda? Alisema Uganda tu. Uganda ni kubwa, mama.

Orpa aliuliza kama mtoto alitaka kwenda. Jirani alisema alilia kidogo, akanyamaza, ni mtoto asiyesumbua. Alivaa sweta nyekundu. Alikuwa anapenda kuimba akiosha vyombo.

"Alikuwa ananona ao anakonda?" Mama Abigaïl aliuliza.

"Alianza kunona, koko," jirani alisema.

Bibi alitikisa kichwa kwa kuridhika, akauliza tena, na jirani akamjibu tena vilevile. Aliuliza mara ya tatu. Walipokuwa wanarudi barabarani alikataa kupanda pikipiki, akataka kutembea, na alitembea katikati ya malori na vumbi kana kwamba anakwenda mahali.

*

Ananie alirudi nyumbani saa kumi. Alikuwa amekiri kwa mwenyekiti mchana ule, hatimaye, na mwenyekiti alikuwa amemwita majina mbele ya karani na dereva. Njiani alikuwa amejiandaa kukiri na nyumbani. Alikaa kwenye kiti, akasema yote: diski, umeme, hatua ya nane, swali lililokatazwa. Alieleza kwa makini kabisa, kama mtu anayemfundisha mwenzake kazi, kwa sababu hakujua njia nyingine ya kueleza. Alisema atakwenda Beni, atakwenda hadi Kasindi, atatafuta.

Orpa alimsikiliza hadi mwisho. Halafu akamwambia alikotoka, na habari za mwanamke wa Jumamosi. Hakupandisha sauti. Ananie alipoelewa alishika meza kwa mikono miwili.

"Kufuta majina, ningekusamehe," Orpa alisema. "Mutu yote anaweza kosa mu kazi yake. Mais mutoto alikuja yeye mwenyewe na miguu yake, anakutafuta, na weye ulikuwa nyuma ya mulango unaficha haya yako."

Ananie alilia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, na Éliakim aliyekuwa uani aliingia akasimama kumtazama. Orpa alimchukua mtoto mkono akatoka naye. Chumba cha pili Mama Abigaïl alikuwa amelala na kitenge chake cha kanisani, uso ukutani, na tangu siku ile hakumwita tena mkwe wake Tata Éliakim. Alimwita Monsieur, kama watu wa ofisini.

Ananie alikwenda Kasindi kweli. Alikaa siku tatu, akiwauliza madereva na mama za mpakani juu ya mwanamke na msichana mwenye sweta nyekundu. Wanawake wenye watoto wanaovuka pale kwa siku moja hawahesabiki. Mwanajeshi mmoja alimuuliza kama mtoto ni wake, na ana hati gani, na Ananie hakuwa na hati yoyote ya kuonyesha. Alirudi na homa.

*

Kamati haikumfukuza, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua mashine ile. Ilinunua diski ya pili wiki hiyo hiyo. Ilitangaza katika makanisa yote kwamba kila aliyewahi kuandikwa aje aandikwe upya, na kila mwenye kutafuta mtu aje aseme tena. Mwenyekiti aliamuru Ananie aandike yeye mwenyewe, mezani pa mbele, watu wamwone.

Walikuja wengi. Siku ya kwanza foleni ilitoka nje ya ua ikafika barabarani. Watu waliokwisha kusema mara moja jinsi walivyowapoteza watu wao walilazimika kusema tena, kuanzia mwanzo, na wengine walikasirika, na wengine walikuwa wamesahau tarehe. Baba mmoja alimuuliza Ananie kwa upole kama safari hii mashine itashika.

Orpa alifika saa tano. Ananie alimwona kutoka mbali, akainuka kidogo, akamwashiria apite mbele. Angeweza kumwandika nyumbani, mezani kwao, hata jana usiku. Orpa hakupita. Alikaa kwenye foleni pamoja na wengine, akisogea kiti kimoja kimoja, na zamu yake ilipofika alikaa mbele ya mumewe akaweka mikono mapajani.

Anne-Marie, aliyekuwa kando na cahier mpya, aliinamisha uso.

Ananie alimuuliza maswali kama yalivyopangwa, kwa sababu mashine haikubali kuendelea pakiwa na nafasi tupu. Jina la mtoto. Umri. Jina la mama. Mama ni hai? Nguo alizovaa. Orpa alijibu kila moja kwa sauti ya kawaida, na Ananie aliandika, vidole vikikosea herufi na kurudi.

"Mara ya mwisho alionekana wapi?" aliuliza.

"Hapa," Orpa alisema. "Mu bureau yako. Samedi, saa ine."

Nyuma yake watu walikuwa wanangoja. Ananie aliandika alivyoambiwa, akahifadhi, akamwita anayefuata.